Mitambo ya mafuta: Ukaguzi ambao mpangaji Uingereza hana budi kuudai

Wakenya wanaokwenda Uingereza kwa kazi au masomo mara nyingi hupanga nyumba zinazopashwa joto kwa gesi. Hata hivyo, vijijini ambako mabomba ya gesi hayajafika, na katika sehemu kubwa ya Ireland Kaskazini, joto hutokana na mitambo inayochoma mafuta, aghalabu ya jamii ile ile ya mafuta ya taa tunayotumia hapa nchini.

Tofauti hiyo ina uzito kisheria. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 humlazimu mwenye nyumba kuhakikisha mitambo yake ya gesi imekaguliwa kila baada ya miezi 12, na kumpa mpangaji nakala ya ripoti katika muda wa siku 28. Nchini England, hakuna kanuni kama hiyo kuhusu mafuta. Sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji humtaka mwenye nyumba kukarabati vifaa vya kupasha joto nyumba na maji, lakini haiweki ukaguzi wa kila mwaka.

Hatari nayo haipungui. Mafuta yanapokosa hewa ya kutosha, au dohani inapozibwa na masizi, hutokea kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, mpangaji aulize mtambo ulihudumiwa lini na aombe ripoti ya fundi. OFTEC, shirika linalosajili mafundi wa mitambo ya mafuta, hushauri huduma hiyo ifanywe kila mwaka. Fundi hupima moshi, hukagua dohani na matundu ya hewa, hubadilisha sehemu zilizochakaa na kuchunguza iwapo tangi au bomba linavuja. Ni vyema ahadi ya huduma hiyo iandikwe katika mkataba.

Kuhusu kengele, sheria ni wazi. Tangu Oktoba 1, 2022, mwenye nyumba nchini England sharti aweke kengele ya kaboni monoksaidi katika kila chumba cha makazi chenye mtambo wa kudumu unaochoma mafuta, gesi au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Anapaswa kuhakikisha inafanya kazi siku upangaji unapoanza, na kuitengeneza au kuibadilisha akiarifiwa kwamba imeharibika. Anayekaidi amri ya baraza la eneo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyopungua mtu akitoka nje ni dalili za kutiliwa shaka. Zima mtambo, fungua madirisha, watoe watu wote nje na upige simu 999. Mtambo usiwashwe tena hadi fundi aliyesajiliwa aukague.