Mchochota, Jeni na Ugonjwa wa Parkinson: Historia ya Swali Lililochelewa Kuulizwa

1.0 Utangulizi

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alichapisha insha kuhusu watu sita waliotetemeka mikono, wakainama na kutembea kwa hatua fupi za haraka. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Aliiita hali hiyo kiharusi cha kutetemeka. Miongo kadhaa baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris alipendekeza ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Makala haya yanafuatilia wazo moja katika historia ya ugonjwa huo: kwamba mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au vimelea, unachangia kuuanzisha au kuuendeleza, na kwamba jeni zinazoongoza mwitikio huo huathiri hatari ya kuupata. Hoja yetu ni kwamba dalili za uhusiano huu zilionekana mapema sana kabla ya swali lenyewe kuulizwa kwa dhati, na kwamba uchelewaji wa aina hiyo sasa unaikabili Afrika.

2.0 Dalili zilizotangulia

Mwaka 1917 Constantin von Economo alieleza, huko Vienna, mchochota mpya wa ubongo uliowalaza wagonjwa kwa siku na wiki. Haukuwa malale yaenezwayo na mbung'o, na chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Wengi wa walionusurika walipata, baada ya miezi au miaka, ukakamavu na mtetemo uliofanana na ule wa Parkinson. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alionyesha kwamba seli za eneo jeusi la ubongo wa kati huharibika kwa wagonjwa wa Parkinson.

Hata hivyo, utafiti ulielekea kwingine. Kazi ya Arvid Carlsson kuhusu dopamini mwishoni mwa miaka ya 1950, ugunduzi wa Oleh Hornykiewicz na mwenzake mwaka 1960 kwamba dopamini hupungua katika ubongo wa wagonjwa, na mafanikio ya George Cotzias na levodopa mwaka 1967 viliwapa madaktari tiba waliyoikosa kwa karne moja na nusu. Ilikuwa haki kuifurahia. Lakini levodopa hutuliza dalili bila kuzuia kufa kwa seli, na swali la kwa nini seli hufa likabaki.

Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake, huko Vancouver, walichunguza ubongo wa marehemu na kukuta katika eneo jeusi mikroglia nyingi, ambazo ni seli za kinga za ubongo, zikiwa katika hali ya mapambano. Je, hao walikuwa wazima moto waliofika nyumba ikiwa imekwisha kuungua, au ndio waliobeba kiberiti? Ushahidi mwingine ulitoka California, ambako mwaka 1982 vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na sumu ya MPTP walikakamaa ghafla. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta mikroglia zikiendelea na mapambano katika ubongo wa watu kama hao miaka mingi baada ya sumu kutoweka. Cheche ilikuwa imezimika, moto ukabaki.

3.0 Zamu ya jeni

Mwaka 1997 jeni ya SNCA ilihusishwa na ugonjwa katika familia za Italia na Ugiriki. Mwaka 2004 ikafuata LRRK2. Watafiti wengine walizigeukia jeni za mchochota wenyewe, hasa TNF na interlukini-1 beta. Uchunguzi wa California uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha baadhi ya aina za jeni hizo na hatari kubwa zaidi. Kwa jumla, chunguzi ndogo za namna hii katika jamii mbalimbali zilitoa majibu yaliyopingana.

Uthibitisho imara zaidi ulikuja mwaka 2010, pale upekuzi wa jenomu nzima ulipoonyesha uhusiano wa ugonjwa na eneo la HLA katika kromosomu ya 6, ambalo huisaidia kinga kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. LRRK2 nayo ilihusishwa na ukoma na ugonjwa wa Crohn, ambao ni mchochota wa kudumu wa utumbo. Mwaka 2017 ilionekana kwamba seli T za baadhi ya wagonjwa huitambua alfa-sinukleini, protini inayotokana na SNCA, kana kwamba ni adui. Hata hivyo, uhusiano si usababishi, na hakuna dawa ya kupunguza mchochota iliyothibitishwa kuzuia Parkinson.

4.0 Nani alihesabiwa?

Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa ulitaja viashiria 90 vya hatari, kwa kutumia data za watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 uchunguzi uliowahusisha Wanigeria wengi ulibaini badiliko la jeni ya GBA1 ambalo tafiti za Ulaya hazikuwa zimelionyesha. GBA1 haihesabiwi hasa kuwa jeni ya mchochota, lakini funzo lake linazihusu zaidi jeni za kinga, kwa kuwa HLA hutofautiana mno baina ya jamii, na katika Afrika imechongwa na malaria kwa maelfu ya miaka. Kipimo cha hatari kilichoundwa Ulaya hakiwezi kuhamishiwa Kilimanjaro bila kupimwa upya.

Kilimanjaro imetajwa kwa sababu. Sensa ya nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, iliyochapishwa mwaka 2008, ilibaini wagonjwa 33 katika watu takriban 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

5.0 Hitimisho

Historia hii inawapa washauri wa sera mpangilio wa kazi. Kwanza, levodopa ipatikane wilayani na wahudumu wafundishwe kuutambua ugonjwa, kwani mgonjwa asiyetambuliwa haingii katika utafiti wowote. Pili, ziundwe rejista za wagonjwa zinazovuka mipaka ya nchi zetu. Tatu, sampuli za jeni zikusanywe kwa ridhaa inayoeleweka kwa lugha ya mtoaji, na zichambuliwe kwa ushiriki wa taasisi za kanda. Parkinson aliwaona wagonjwa wake barabarani kwa sababu aliwatazama. Wa kwetu nao wako njiani, wakidhaniwa kuwa wamezeeka tu.