Sampuli ya 191: Safari ya pakanga kutoka kitabu cha kale hadi dawa mseto

Tarehe 23 Mei 1967, maofisa wa jeshi na wanasayansi wa China walikutana Beijing kupanga kazi ya siri. Kwa kuwa ilianza siku ya 23 ya mwezi wa 5, iliitwa Mradi wa 523, jina lisilomdokezea chochote mtu wa nje. Chanzo chake kilikuwa vita ya Vietnam. Askari wa Vietnam ya Kaskazini waliokuwa wakipenya misituni kuelekea kusini walikuwa wanaanguka kwa malaria, na klorokwini, tegemeo la karibu dunia nzima wakati huo, ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea vya eneo lile. Hanoi iliomba msaada, Beijing ikaitikia. Upande wa pili wa vita hiyo hiyo, Wamarekani nao walikuwa wanaugua. Taasisi yao ya kijeshi ya Walter Reed ilipima kemikali zaidi ya laki mbili, na miongoni mwa zilizotoka humo ni meflokwini.

China ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni. Wasomi walidhalilishwa, wengi wakapelekwa vijijini kufanya kazi za mikono, na shughuli za utafiti zikasimama karibu kila mahali. Mradi wa 523 ulinusurika kwa sababu ulikuwa chini ya jeshi. Kundi moja lilitafuta kemikali mpya, lingine likageukia tiba za asili. Karibu miaka miwili ya mwanzo haikuzaa dawa mpya, na Januari 1969 kazi ikaletwa kwenye Chuo cha Tiba ya Asili ya Kichina mjini Beijing. Aliyekabidhiwa uongozi wa kikundi cha huko alikuwa mfamasia wa miaka 38, Tu Youyou.

Alikuwa mzaliwa wa Ningbo, mkoa wa Zhejiang. Alipokuwa na miaka 16 alishikwa na kifua kikuu, akakaa nje ya shule miaka miwili, na mwenyewe amesema ugonjwa huo ndio uliompeleka kwenye dawa. Alisomea ufamasia Beijing akahitimu mwaka 1955, kisha serikali ikampeleka kwenye mafunzo marefu ya tiba za Kichina, kwa hiyo aliweza kusoma vitabu vya waganga wa kale na pia kusimama maabara. Mume wake alikuwa amepelekwa shamba. Tu alipotakiwa kwenda kisiwa cha Hainan, kule malaria ilikoshamiri, ilibidi mtoto mmoja amwache kwenye shule ya kulelea na mwingine kwa wazazi wake Ningbo. Aliporudi, watoto hawakumtambua. Habari hii hutajwa upesi katika simulizi nyingi, mimi naona ihesabiwe kama sehemu ya gharama ya dawa yenyewe.

Kikundi kilianza kwa kusoma na kuuliza. Walipekua vitabu, wakafungua barua zilizotumwa na wananchi, wakawahoji waganga wazee. Walikusanya tiba zaidi ya 2,000, za mimea, wanyama na madini, na kati ya hizo wakachagua 640 wakazichapa kwenye kijitabu. Kisha ukafuata upimaji. Hadi mwaka 1971 walikuwa wamewapa panya wenye malaria dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Nyingi hazikufanya kitu. Zilizoonyesha dalili njema leo, kesho hazikuionyesha tena.

Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa qinghao, wa jamii ya pakanga, wenye majani membamba yenye harufu kali. Ni dawa ya zamani mno nchini mwao: umetajwa katika maandishi yaliyozikwa kaburini Mawangdui mwaka 168 kabla ya Kristo, ingawa pale ulikuwa tiba ya bawasiri. Katika maabara ya Beijing dondoo lake liliwahi kuzuia vimelea kwa asilimia 68, kisha jaribio liliporudiwa nguvu ikaanguka. Matokeo ya namna hiyo, yanayopanda na kushuka bila sababu inayoonekana, mara nyingi hutupwa. Tu hakuutupa mmea. Alirudi kwenye maandishi.

Humo alikutana tena na Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeandika kitabu kidogo cha tiba za dharura. Kwa homa za vipindi, Ge Hong anaelekeza mtu aloweke qinghao katika maji, aikamue, anywe maji yake. Moto hautajwi. Dawa za mitishamba za Kichina kwa kawaida huchemshwa, kama mizizi na magome yanavyochemshwa kwetu, na kikundi cha Tu kilikuwa kikitumia joto katika kuchuja dondoo zake. Akajiuliza: je, kama joto ndilo linaloiua dawa?

Wakaacha joto kali, wakatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Dondoo lililopatikana wakalitenga sehemu mbili: sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu bila nguvu ya kutibu, wakaiondoa, na sehemu iliyobaki wakaihifadhi. Walitumia majani tu, kwa sababu shina halikuwa na kitu. Sampuli nambari 191 ilipimwa tarehe 4 Oktoba 1971. Vimelea vyote katika panya vilitoweka. Baadaye majaribio kwa kima yakatoa jibu lile lile.

Ge Hong anastahili heshima, ila kitabu chake kina tiba nyingine kadhaa za homa, na katika zile 640 za kijitabu nyingi zilikuwa na sifa nzuri kwa wazee vilevile. Zilipopelekwa kwa panya hazikusimama. Wahenga waliacha swali zuri, tena lenye kidokezo muhimu cha namna ya kutayarisha. Kutofautisha lililo kweli na lisilo kweli katika urithi ule kulihitaji panya, darubini, na watu walio tayari kuambiwa hapana mara nyingi.

Machi 1972 Tu aliwasilisha matokeo katika mkutano wa mradi mjini Nanjing. Sasa zilihitajika kilo za dondoo ili litibu watu, na viwanda vya dawa vilikuwa havifanyi kazi. Kikundi kikachukua mapipa makubwa ya maji ya majumbani, wakayajaza etha na majani. Hewa ya chumba ilikuwa mbaya. Wafanyakazi waliumwa vichwa, wakatokwa damu puani, na Tu mwenyewe akapata ugonjwa wa ini. Ndipo ukazuka ubishi, kwani baadhi ya wanyama walikuwa wameonyesha dalili za sumu, na msimu wa malaria ulikuwa unapita. Julai 1972 Tu na wenzake wawili wakalazwa hospitali, wakanywa dawa wao kwanza. Hawakudhurika. Mwezi uliofuata walikuwa Hainan, ambako wagonjwa 21 walitibiwa na homa zikashuka.

Novemba mwaka huo walipata fuwele safi, kiini kinachoitwa leo artemisinini. Ushindi haukuwa wa moja kwa moja. Vidonge vya kwanza vilivyopelekwa Hainan mwaka 1973 vilileta matokeo dhaifu, ikabainika kwamba havikuwa vinayeyuka vizuri tumboni, na unga ule ule ulipowekwa kwenye kapsuli ukatibu. Wakati huo Beijing haikuwa peke yake. Luo Zeyuan kule Yunnan alitoa kiini hicho kutoka kwenye mimea ya mkoa wake, Shandong nao wakapata chao, na daktari Li Guoqiao wa Guangzhou akaanza mwaka 1974 kukitumia kwa wagonjwa mahututi wa malaria, hata waliokwisha kupoteza fahamu. Akihesabu vimelea katika damu yao, aliviona vikipungua kwa kasi kuliko alivyozoea kuona kwa kwinini.

Wanakemia wa Shanghai wakishirikiana na wenzao wa Beijing walipofumbua umbo la molekuli, walikuta atomu mbili za oksijeni zilizounganishwa kwa namna isiyokuwamo katika dawa yoyote ya malaria iliyojulikana. Kimelea hula himoglobini ya damu na kubaki na chuma chake. Chuma hicho huvunja kiungo cha oksijeni, zikatoka chembechembe kali zinazokiharibu kimelea kutoka ndani.

Taarifa ya kwanza ilichapwa mwaka 1977, kwa Kichina, bila jina la mtafiti hata mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Tuzo zilikawia: ile ya Lasker ilimfikia Tu mwaka 2011, na nusu ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Ubishi wa nani alifanya nini haujaisha China, na kwa kazi ya mamia ya watu sioni utaishaje.

Afrika Mashariki iliijua dawa hii kwa jina la mseto. Artemisinini hutoka mwilini ndani ya saa chache, na ikitumika peke yake malaria hurudi, ndiyo maana huunganishwa na dawa inayokaa muda mrefu. Li Ying wa Shanghai alitengeneza atimetha, watafiti wa jeshi wakatengeneza lumefantrini, na hizo mbili kwa pamoja ndizo ALu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto mwaka 2001. Kenya ilianza kuitoa ALu mwaka 2006, na Tanzania ikaifuata mara moja, baada ya klorokwini, na kisha SP iliyochukua nafasi yake, kushindwa.

Aprili 2020 Madagaska ilizindua kinywaji cha pakanga kama kinga ya korona, na Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Wengi walisema China ilikwisha kuthibitisha mmea huo. Iliyothibitishwa China ilikuwa dawa nyingine, ya ugonjwa mwingine, kwa kipimo kinachojulikana, na hatua zile za panya, kima na wagonjwa wa Hainan hazikuwa zimepitiwa kwa kinywaji kile. Shirika la Afya Duniani halikubali hata chai ya majani hayo kwa malaria yenyewe, kwa sababu kiasi cha artemisinini ndani yake hubadilika badilika, na kipimo pungufu huwafundisha vimelea ustahimilivu.

Ustahimilivu huo umeanza. Ulionekana kwanza magharibi mwa Kambodia, kisha vimelea vyenye mabadiliko ya jeni la kelch13 vikagunduliwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Watafiti huko huwapa wagonjwa dawa mseto, huchukua damu, na siku ya tatu huhesabu kwa darubini vimelea vilivyobaki.