Mcheza dansi, daktari na misuli isiyoonekana

Mwanamke wa pwani akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na tumbo lake hufungwa mkaja, ile nguo inayozungushwa kiunoni kwa siku nyingi kabla arobaini haijatimia. Nguo hiyo ina heshima yake: katika mahari, mama wa bibi harusi hutengewa fungu liitwalo mkaja. Tumbo, basi, linatunzwa. Kilicho chini ya tumbo hakitajwi, hata pale mzazi anapogundua kwamba akipiga chafya au akijitwika ndoo, kanga inalowa.

Wengi hunyamaza. Wengine huambiwa ndiyo uzazi wenyewe, wavumilie. Lakini tatizo hili lina tiba isiyotaka kidonge wala kisu, na historia ya tiba hiyo imesimuliwa nusu nusu.

Duniani kote zoezi la kubana misuli ya nyonga huitwa kwa jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyelitangaza mwaka 1948. Miaka 12 kabla yake lilikuwa tayari limeandikwa na mwanamke. Margaret Morris alikuwa mcheza dansi wa London mwenye shule yake tangu 1910. Alipokaribia umri wa miaka 40 akaenda kusomea fiziotherapia katika hospitali ya St Thomas', akafuzu mwaka 1930. Hapo alishirikiana na Minnie Randell, aliyeongoza shule ya fiziotherapia ya hospitali hiyo, na mwaka 1936 kikatoka kitabu cha mazoezi ya wajawazito, waliojifungua na waliopasuliwa. Ndani yake mna maelekezo ya kubana na kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga ili kuzuia na kutibu kutokwa na mkojo. Sishangai kwamba aliyeyaandika alikuwa mcheza dansi. Anayeishi kwa kucheza anajua kwamba msuli uliolala huamshwa kwa kazi, na kwamba kulegeza nako ni ufundi.

Wakati huo madaktari wengi walikuwa wakitazama upande mwingine. Mwaka 1913 Howard Kelly wa Johns Hopkins, kule Baltimore, alieleza namna ya kushona tishu chini ya shingo ya kibofu, na kwa miongo iliyofuata mwanamke aliyevuja mkojo alitarajiwa kupelekwa chumba cha upasuaji.

Kegel, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles, aliona kwamba sindano na uzi peke yake havirudishi nguvu ya misuli. Misuli anayoizungumzia imetandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, nayo ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Akiwapima wagonjwa kwa kidole na kuwaomba wabane, wengi hawakuweza. Walikaza matako, wakakaza tumbo, wakazuia pumzi. Misuli ilikuwapo, ila mwenyewe alikuwa amepoteza njia ya kuiamrisha.

Hapo ndipo ulipo mchango wake mkubwa. Alitengeneza kifaa alichokiita perineomita: mpira wenye hewa unaoingizwa ukeni, uliounganishwa na saa ya kupimia msukumo. Mwanamke akibana, mshale unapanda mbele ya macho yake. Wiki hii umefika hapa, wiki ijayo utafika pale. Ni wazo lilelile ambalo daktari Thomas DeLorme alikuwa amelitumia Chicago kwa askari waliojeruhiwa vitani: mpe msuli uzito, kisha uongeze kidogo kidogo. Kegel alitaka wagonjwa wake wafanye mazoezi dakika 20, mara tatu kwa siku, na kwanza wafundishwe mmoja mmoja.

Dunia ikachukua jina, ikamwacha mwalimu. Zoezi likageuka kuwa neno moja, bana, linalopitishwa kwenye vikaratasi vya kliniki. Mwaka 1952 Kegel aliandika pia juu ya misuli hiyo na tendo la ndoa, na habari hiyo ndiyo iliyokimbia zaidi. Hata kwetu, somo akimweleza mwari kubana, mara nyingi ni kwa ajili ya mume. Inaniuma kwamba maarifa yanayoweza kumwondolea mwanamke aibu ya miaka mingi yanamfikia kama siri ya kumfurahisha mtu mwingine.

Hasara ya kumwacha mwalimu ilipimwa mwaka 1991. Richard Bump na wenzake Marekani waliwapa wanawake 47 maelezo mafupi ya mdomo, kisha wakawapima. Waliobana sawasawa hawakufika nusu. Robo yao walikuwa wakisukuma kwa namna inayoweza kuzidisha tatizo lenyewe.

Wafiziotherapia ndio waliolirudisha zoezi mahali pake, wakiongozwa na watu kama Kari Bø wa Norway. Utafiti wake wa mwaka 1999 ulilinganisha mazoezi yenye usimamizi, umeme wa kuchochea misuli na koni zenye uzito zinazowekwa ukeni, mazoezi yakashinda. Mwaka 2006 mwongozo wa afya wa Uingereza ukayaweka mbele ya upasuaji: angalau miezi mitatu chini ya mtaalamu, kubana mara 8 kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku. Ubane kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, ukivuta kwenda juu, mapaja na matako yakiwa yametulia na pumzi ikiendelea. Kisha ulegeze kabisa.

Yapo ambayo zoezi hili haliwezi. Mkojo unaochuruzika mchana na usiku baada ya uchungu wa siku mbili tatu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji, na CCBRT Dar es Salaam hufanya upasuaji huo bila malipo. Mwanamke wa namna hiyo asiambiwe abane nyumbani; apelekwe.

Kwa yule ambaye kanga inalowa akikohoa tu, kuna jambo lililojaribiwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1998. Wanawake 27, wastani wa umri wao miaka 68, walifundishwa kubana muda mfupi tu kabla ya kikohozi na kushikilia mpaka kiishe. Walirudi kupimwa baada ya wiki moja. Kwa kikohozi cha kawaida, mkojo uliotoka ulikuwa umepungua kwa asilimia 98.