Tao-kinga: Bomba la Chuma Linalobeba Gari Lililopinduka

Nyuma ya viti vya mbele vya baadhi ya magari husimama bomba nene la chuma lililopindwa kama herufi U iliyogeuzwa. Miguu yake imefungwa kwenye sakafu, na mihimili miwili hulishikilia kwa nyuma lisilale. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari pale linapopinduka, ili vichwa na shingo za waliomo visipondwe kati ya bodi na ardhi. Kwa Kiingereza huitwa "roll bar", na katika gereji zetu nyingi jina hilo ndilo linalotumika, kila fundi akilitamka kwa namna yake. Makala haya yanapendekeza liitwe tao-kinga, na yanaeleza ni lini kifaa kinastahili jina hilo na ni lini hakistahili.

Haja ya jina letu inaanzia kwenye mkanganyiko ulio ndani ya lile la kigeni. Neno "roll" hubeba hali mbili: gari kulala upande linapokata kona, na gari kupinduka kabisa. Ndiyo maana kuna chuma kingine chenye jina linalokaribiana sana, kile kinachounganisha mifumo ya springi ya gurudumu la kushoto na la kulia, ambacho mafundi wetu hukiita stabilaiza. Hicho hupunguza gari kulala konani. Gari likishapinduka hakina msaada wowote kwa aliye ndani. Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha mambo haya bila shida: gari huyumba, hulala, hupinduka, hubiringika. Istilahi yetu ina kila sababu ya kutumia utajiri huo.

Mkanganyiko wa pili uko barabarani. Pikapu nyingi zina mabomba yanayong'aa nyuma ya kebini, nayo huuzwa kwa jina hilohilo la "roll bar". Mengi ni pambo. Ni mabomba membamba yaliyofungwa kwenye kuta za sehemu ya mizigo kwa bolti ndogo, na hayakutengenezwa kubeba gari lililogeuka juu chini. Anayeyanunua akidhani amenunua kinga huendesha kwa imani isiyo na msingi. Kwa hayo, neno "pambo" linatosha.

Kwa nini basi tao? Kutohoa jina la kigeni kungetupa neno linaloishia na "baa", ambalo kwetu tayari ni janga na pia ni mahali pa kunywea pombe. Nondo nayo haifai, kwa kuwa nondo ni chuma kilichojaa, cha kufumwa ndani ya zege. Kifaa chetu ni bomba, na uwazi wake wa ndani ndio unaokipa ukakamavu mkubwa bila uzito mwingi. Mwamba ni mti wa kulala, unaobeba paa kwa mlalo. Upinde unaeleza umbo, lakini hauelezi kazi. Tao linaeleza vyote viwili. Kwa waashi, tao ni umbo linalopokea uzito kutoka juu na kuugawa hadi kwenye miguu yake, na hivyo ndivyo bomba hili linavyofanya kazi. Tukiongeza kinga, kwa muundo wa askari kanzu na bata mzinga, tunapata tao-kinga. Wingi wake, matao-kinga.

Jina hili lina ndugu yake. Matao yakiwa mawili au zaidi, yakaunganishwa kwa mabomba yanayopita kando ya paa na milangoni hadi yakawazunguka waliomo, hapo ni kizimba-kinga. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, leo hukimbia yakiwa na vizimba vya aina hiyo. Tofauti ya tao na kizimba lazima ieleweke kabla mtu hajatoboa tundu la kwanza kwenye gari lake la kila siku. Dereva wa mashindano huvaa helmeti na mikanda inayomkaza kitini. Dereva wa kawaida yuko kichwa wazi, na mkanda wake wa kawaida humruhusu kusogea. Ndani ya gari lenye kizimba, mabomba hupita karibu na paji la uso na kando ya masikio, kwa hiyo hata ajali ndogo ya mjini, ambayo ingemwachia michubuko, inaweza kumgongesha kichwa kwenye chuma. Kwa gari la barabarani, tao lililo nyuma ya viti ndilo chaguo la busara, na hata hilo huvikwa sponji gumu maalumu kila mahali ambapo kichwa kinaweza kufika. Sponji laini la godoro halisaidii, kwa sababu hubonyea lote mara moja na kukiacha kichwa kikutane na bomba.

Mfano mzuri ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili na paa la kukunjwa, lililoanza kuuzwa mwaka 1989 na kujulikana Japani kama Eunos Roadster. Paa lake la turubai haliwezi kubeba kitu, na fremu ya kioo cha mbele haitegemewi kubeba gari zima peke yake. Kwa hiyo wenye magari haya wanaoyapeleka kwenye viwanja vya mbio mwishoni mwa wiki, kisha wakaenda nayo kazini Jumatatu, hupendelea tao-kinga la kufungwa kwa bolti. Fundi halichomelei kwenye bodi, na likihitajika kutoka linaweza kutolewa, ingawa matundu yaliyotobolewa hubaki.

Mtu anapoambiwa kifaa ni imara, aulize vipimo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kwa magari ya mashindano, katika kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, zinataka bomba la tao kuu liwe la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Mihimili ya nyuma iachane na wima kwa nyuzi 30 au zaidi, kwa sababu mhimili uliosimama mno hauzuii tao kulala. Mahali tao kuu linapokutana na bodi panatakiwa bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita za mraba 120. Sababu yake ni kwamba sakafu ya gari ni bati jembamba. Mguu wa bomba ukilikandamiza peke yake utalitoboa, tao litazama, na kinga itakuwa imekwisha. Bamba hilo, ambalo napendekeza tuliite bamba egemezi, huueneza uzito. Bolti ziwe za daraja la 8.8, namba ambayo hupigwa chapa kwenye kichwa cha bolti. Nane ya kwanza inaonyesha kwamba chuma hicho hakikatiki kwa mvuto ulio chini ya megapaskali 800. Bolti isiyo na chapa ibaki dukani.

Kazi ya kufunga inaanza kwa kufungua. Betri hutenganishwa, viti hutolewa, zulia na plastiki za nyuma huondolewa hadi bati lionekane. Penye kutu hapafungwi kitu mpaka parekebishwe, maana bolti nzuri kwenye bati bovu haina pa kushika. Fundi huingia chini ya gari na kutazama kila mahali keekee itakapotokezea. Katika MX-5 tangi la mafuta liko nyuma ya viti, na mabomba ya breki na nyaya hupita karibu. Kisha tao huingizwa, na mahali hupimwa tena kabla ya kutoboa. Tundu hutobolewa dogo kwanza, hupanuliwa, kingo zake husafishwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Bati hubanwa katikati, mguu wa tao juu na bamba egemezi chini. Nati hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu, na baada ya gari kutembea hukaguliwa upya.

Kipimo cha mwisho ni urefu. Dereva hukaa kitini akiwa amevaa helmeti, kisha fimbo iliyonyooka hulazwa kutoka juu ya tao hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti ikiigusa fimbo, tao ni fupi au kiti kiko juu. Klabu nyingi za mbio za magari za Marekani hutaka tao lenyewe lipite juu ya helmeti kwa inchi mbili, yaani kama sentimita 5.

Hata tao lililofungwa vizuri huunda nafasi salama tu; kumweka mtu ndani ya nafasi hiyo ni kazi ya mkanda. Wakulima wanalijua jambo hili kupitia trekta. Mwaka 1959 Uswidi ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga ya namna hii, na vifo vya wakulima waliolaliwa na matrekta vikapungua sana nchini humo. Lakini dereva wa trekta lenye tao asiyefunga mkanda anaweza kurushwa nje, akaangukiwa na tao lilelile lililowekwa kumlinda. Kwenye gari dogo ni vilevile: mkanda ubaki umefungwa, kiti kiwe imara, na asikae mtu kwenye kiti cha nyuma ambacho tao liko mbele ya uso wake.

Kwa watunga kamusi, maelezo yanaweza kuwa haya: tao-kinga, nomino ya ngeli ya LI-YA, ni bomba la chuma lenye umbo la tao, lililofungwa kwa bolti au kuchomelewa kwenye bodi ya gari au trekta na kuegemezwa kwa mihimili, ili kubeba uzito wa chombo kinapopinduka. Kila sehemu ya maelezo hayo ni sharti, na ufungaji unaotajwa ni ule ulioelezwa hapo juu. Bomba lisiloegemezwa, lisilo na bamba chini ya miguu yake, au lililofungwa kwenye bati lililooza, muuzaji asiliite tao-kinga, na mnunuzi asikubali kuuziwa kwa jina hilo.