Huyo Daktari Alifunzwa na Nani?

Tukiongea kuhusu janga la dawa za maumivu kule Marekani, stori ni ile ile: familia ya Sackler, kampuni yao Purdue, pesa, mazishi. Ni kweli. Lakini hawakuwa wanauzia watu dawa vichochoroni. Kila tembe ilipitia kwa mtu aliyesoma udaktari miaka mingi, akaandika kwa mkono wake. Kwa hivyo swali langu ni la kuboesha kidogo: nani alimketisha huyo daktari chini akamwambia hii dawa haina noma?

Rudi 1980. Mwezi wa Januari, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Jane Porter na daktari Hershel Jick wa Boston. Sentensi tano, basi. Walikuwa wamepitia rekodi za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati ya 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni, yaani mofini na ndugu zake, wasiokuwa na historia ya uraibu, walipata wanne tu waliokuja kuwa waraibu.

Shika hilo neno: waliolazwa. Nesi yuko hapo, dawa iko kabatini kwa wadi. Barua haikusema chochote kuhusu fundi mwenye mgongo mbovu anayepewa chupa ya tembe aende nayo nyumbani, ameze mwezi baada ya mwezi. Lakini ikaanza kunukuliwa kana kwamba ni utafiti mzito. Mwaka wa 2017 watafiti wa Kanada waliketi wakahesabu: ilikuwa imetajwa mara 608, na karibu robo tatu ya waliyoitaja waliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra. Wengi hata hawakutaja kwamba wagonjwa walikuwa wamelazwa. Sisi husemwa ati tunasambaza vitu kwa WhatsApp bila kusoma. Sawa.

Wacha niwe fair pia. Maumivu yalikuwa yamepuuzwa kweli. Watu wa saratani walikuwa wanakufa wakilia kwa sababu daktari anaogopa mofini kuliko anavyoogopa kilio. Mwaka wa 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani, na mofini ilikuwa ngazi ya juu. Mwaka huo huo, madaktari wawili wa New York, Russell Portenoy na Kathleen Foley, waliandika kwamba dawa hizo zinaweza kusaidia hata maumivu sugu yasiyo ya saratani. Walikuwa na wagonjwa 38. Thelathini na wanane!

Hapo ndipo mlango ulifunguka. Purdue ilileta OxyContin sokoni mwaka wa 1996, na haikutuma tu wauzaji. Ilifungua shule. Kufikia 2001 ilikuwa imefanya makongamano zaidi ya 40 kuhusu maumivu, kwenye hoteli za kifahari za Florida, Arizona na California. Madaktari, wafamasia na manesi zaidi ya 5,000 walihudhuria, kila kitu kimelipwa. Walipewa kofia za uvuvi na CD za muziki zenye jina la dawa. Mauzo yalitoka dola milioni 48 mwaka wa kwanza hadi zaidi ya bilioni moja mwaka wa 2000. Manze, mwalimu alikuwa muuzaji, na wanafunzi walikuwa watu wazima wenye digrii.

Mwaka wa 2007 kampuni ilikiri kosa kortini: ilipotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Faini ikapita dola milioni 600. Halafu 2012 serikali ikaagiza kampuni za dawa hizi zigharimie mafunzo ya madaktari kuhusu kuziandika kwa usalama. Safari hii mtaala ulipangwa na serikali, lakini daktari hakulazimishwa kuhudhuria.

Kisha breki zikakanyagwa vibaya. Mwongozo wa 2016 ulishauri dozi zipunguzwe, na madaktari wengine wakausoma kama amri. Watu waliokuwa wametumia dawa kwa miaka wakakatwa ghafla. Mwili uliozoea afyuni ukikatwa hivyo unatetemeka, unatapika, na maumivu yanarudi mara mbili. Wengine wakaenda kutafuta barabarani, ambako fentanili ilikuwa inangoja. Mwaka wa 2019 serikali ililazimika kuonya madaktari wasikate ghafla, na 2022 mwongozo ukaandikwa upya.

Na huku kwetu? Shida ilikuwa kinyume kabisa. Human Rights Watch walipoangalia Kenya mwaka wa 2010, hospitali saba tu za umma kati ya takriban 250 ndizo zilikuwa na mofini ya kunywa. Kwa hivyo ukiona msee mtandaoni anasema mofini ipigwe marufuku kwa sababu ya yaliyotokea Marekani, muulize kama amewahi kukaa na mtu mwenye saratani ya mifupa saa tisa usiku.

Uganda walienda njia tofauti. Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala mwaka wa 1993, mofini ikachanganywa na maji kutoka kwa unga, bei ya chini. Madaktari hawakutosha, kwa hivyo mwaka wa 2004 sheria iliruhusu manesi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalum kuiandika. Mafunzo hayo huchukua miezi tisa, na wanaofundisha hawauzi tembe.

Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha mafunzo mwishoni mwa 2022. Najua hailingani moja kwa moja, daktari wa kule ana miaka ya chuo nyuma yake. Lakini kuanzia Juni 2023, akitaka leseni ya kuandika dawa hizi, au akiirudisha upya, lazima athibitishe amefunzwa kuhusu uraibu. Saa nane. Mara moja katika maisha yake yote ya kazi.