Mizuka katika Televisheni: Kuisoma Tamthilia ya Rwanda 94 kutoka Gisenyi

Tamthilia ya Rwanda 94, kazi ya kundi la Groupov la Liège, Ubelgiji, iliigizwa nchini Rwanda mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Anayeifungua si mhusika wa kubuni: ni manusura, Yolande Mukagasana, akitoa ushuhuda wake mwenyewe. Kisha msuko unageuka kuwa upelelezi. Wafu wanavamia matangazo ya televisheni duniani, na mwanahabari wa Ulaya, Bee Bee Bee, anatafuta maana ya sauti zao.

Ni rahisi kuiita mizuka hiyo ishara ya kumbukumbu. Kwa msomaji wa Gisenyi, tafsiri hiyo haitoshi. Julai 1994 kamera za dunia zilijaa kwenye mpaka huu na Goma, zikipiga picha za wakimbizi, ambao miongoni mwao walikuwamo wauaji. Wakati huo Watutsi wa mji huu walikuwa wamekwisha kufukiwa Commune Rouge. Wafu wa jukwaani, kwa maoni yangu, wanaidai televisheni picha ambayo haikupigwa. Mwalimu atakayeifundisha tamthilia hii Rubavu na aanzie hapo mpakani, ndipo azungumzie ishara.