Kugeuza Kilabu cha Pombe Kuwa Nyumba ya Kuishi: Hukumu Zake kwa Waislamu wa Bukoba na Muleba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Swahaba zake. Amma baad.

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, kilabu cha pombe aghalabu huwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba, na mwenyewe hulala chumba cha nyuma. Ndiyo maana suala hili huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya Muislamu anayetaka kununua jengo hilo ili aishi na familia yake. Ya pili ni nzito zaidi: ni ya aliyesilimu, ambaye mama yake alimlea na kumsomesha kwa kuuza rubisi, na sasa mama huyo anataka kumpa nyumba. Je, akiipokea ataingia katika haramu? Na akiikataa, atakuwa amemvunjia mama yake heshima?

Jawabu kwa ufupi: inafaa kuinunua, kuipokea na kuishi humo, kwa sharti pombe ikome, najisi iondolewe na haki za watu zitimizwe. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

1. Jengo halibebi dhambi ya waliolitumia

Asili ya vitu ni halali na twahara mpaka ije dalili. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina ulijengwa juu ya kiwanja kilichokuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Makaburi yalifukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa, kama ilivyo katika Hadithi ya Anas (r.a.) kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa mahali pa makaburi ya washirikina pamekuwa Msikiti, basi kilabu kuwa nyumba ya kuishi ni jambo jepesi zaidi.

2. Je, rubisi ni khamri?

Ndiyo. Hutengenezwa kwa juisi ya ndizi mbivu, huchanganywa na mtama na kuachwa ichachuke mpaka ilevye. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa kila kilevi ni khamri (Muslim, kutoka kwa Ibn Umar). Haitazamwi kama ni zabibu, tende au ndizi. Gongo ni hivyo hivyo. Ama juisi ya ndizi kabla haijachachuka, hiyo ni halali.

3. Kuitoharisha nyumba

Jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wanaona khamri ni najisi. Basi pale palipomwagikiwa patoharishwe hivi:

- Masalio yote ya pombe yamwagwe. Yasiuzwe, wala asipewe jirani hata kama si Muislamu. Khamri ilipoharamishwa, Swahaba waliimwaga mpaka ikatiririka katika njia za Madina.
- Sakafu ya saruji isuguliwe, kisha imwagiwe maji ya kutosha. Rangi peke yake au harufu peke yake ikibaki baada ya juhudi, imesamehewa.
- Sakafu ya udongo imwagiwe maji mengi mpaka yaifunike najisi, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamuru ndoo ya maji imwagwe pale bedui alipokojoa Msikitini. Kwa Shafi, kukauka kwa jua hakutoshi.
- Penye shaka tu, pasipo dalili ya najisi, hapana kinachowajibika. Tusijitie wasiwasi.

Wanazuoni wetu wamekaribia kuafikiana kuwa ni makuruhu kuswali mahali panaponywewa pombe, kwa kuwa ni makazi ya mashetani. Unywaji ukishakoma na mahali pakatoharika, sababu imeondoka, na hukumu huondoka pamoja nayo.

4. Vyombo: gogo na vibuyu

Wengi huuliza kuhusu gogo lililochimbwa mfano wa mtumbwi, ambamo ndizi hukamuliwa, na vibuyu vya kunywea. Sunna imegusa vyombo vya aina hii. Ujumbe wa Abdul Qays ulipomjia Mtume (s.a.w.), aliwakataza kutengeneza vinywaji katika vyombo vinne, na miongoni mwavyo ni buyu na gogo la mtende lililochimbwa. Baadaye akaruhusu vyombo vyote, akabakisha katazo la kilevi chenyewe (Muslim, kutoka kwa Burayda). Basi gogo lioshwe na litumike kunyweshea ng'ombe, au lipasuliwe kuni. Kuwauzia watu wa kilabu kingine ni kusaidiana katika dhambi, nako kumekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 2.

5. Mali, mama na ukoo

Anayenunua analipia jengo na ardhi, si pombe. Mtume (s.a.w.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina bila kuwauliza asili ya kila dirhamu.

Ama zawadi ya mama asiyekuwa Muislamu, inafaa kuipokea. Suratu Luqman, aya ya 15, imeamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata wakiwa katika ushirikina. Kinachokatazwa ni kuwatii katika ushirikina huo. Lakini tunanasihi: ampe akiwa hai, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Jumhuri wanaona Muislamu hamrithi asiyekuwa Muislamu, kwa Hadithi ya Usama bin Zayd (r.a.), na hiba ya uhai inamuepusha na mgogoro huo. Akishapewa, asimfukuze mama kwa ukali. Amtafutie riziki nyingine, maana aliyefunga biashara ya mzazi wake hafai kumuacha na njaa.

Ama Muislamu aliyekuwa akiuza pombe mwenyewe, wajibu wake ni toba ya kweli. Faida iliyobaki mkononi aitoe kwa masikini, na akiwa fukara, wapo wanazuoni walioruhusu abaki na cha kumtosha haja yake.

Pia ardhi ya kibanja huwa ina haki ya ukoo. Wazee wa ukoo washirikishwe kabla ya malipo, na mauziano yapite Halmashauri ya Kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa usimamizi wa ardhi ya kijiji. Muuzaji akiwa mwanamke, asidharauliwe: mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume.

6. Migomba ya pombe

Si lazima kuing'oa. Ndizi zake zaweza kuliwa zikiiva, kukamuliwa juisi au kulishwa mifugo. Lakini haifai kumuuzia unayemjua kuwa atatengeneza pombe. Ukidhania tu bila ya yakini, ni makuruhu.

7. Kuifanya iwe nyumba

- Kilabu hujengwa wazi ili watu waingie. Nyumba hujengwa kwa sitara. Zibeni milango ya ziada na mtenge vyumba vya wazazi na watoto.
- Futeni matangazo ya bia ukutani. Wateja wa zamani watabisha hodi usiku. Wajibuni kwa upole mpaka wazoee.
- Kagueni nyufa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi Kagera, na kuilinda nafsi ni wajibu.
- Kibla ya huko ni kaskazini, kuegemea mashariki kidogo. Anayeswali ufukweni Bukoba, ziwa huwa mkono wake wa kulia.
- Msichinje mnyama kwa ajili ya majini wa nyumba. Someni Suratul Baqara, kwani shetani hukimbia nyumba inayosomwa Sura hiyo (Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra).

Tunamuomba Allah azijaalie nyumba hizi ziwe za dhikri baada ya kuwa za ulevi, na awaongoze wazazi wetu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.